Fundi Keshokutwa na Chanjo za Pindo

Mume wangu ni fundi cherehani hodari, na sitaki mtu aanze kusoma habari zake akidhani vinginevyo. Kola zake hukaa vizuri shingoni. Mifuko anayopachika haichaniki hata ukiijaza misumari, muulize mwashi wa mtaa wa nyuma. Ana kasoro moja tu, nayo inajulikana mtaa mzima. Ukimuuliza nguo yako itakuwa tayari lini, atavua miwani, atakutazama kwa upole, na atasema, "Keshokutwa."

Wala hasemi uongo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Anapolitamka neno hilo huwa analiamini kwa moyo wake wote. Watu walimwita Fundi Keshokutwa kabla binti yetu wa kwanza hajaanza shule, na leo binti huyo ana mvi mbili tatu. Mimi wananiita Mama Fundi. Nauza nyuzi, zipu na vifungo pale mbele ya duka, na kazi yangu nyingine, ambayo haina mshahara, ni kumwombea radhi. Mteja akija juu, mume wangu hujitosa nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia nguo, nami natoka na uso wa huzuni na kusema fundi amefiwa. Shangazi yake mmoja, ambaye yuko hai na anakula vizuri, nimeshamzika mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Mbwa aliingia katika maisha yetu mwaka ule binti yetu wa mwisho alipoolewa. Huyu ndiye aliyekulia chini ya meza ya kukatia, akivisha vijiti nguo za vipande vilivyobaki. Zamani mume wangu alikuwa akishona huku akiimba, nyimbo zisizo na maneno, akifuatisha mwendo wa miguu yake kwenye cherehani. Binti alipoondoka, nyimbo zikakatika. Tulikuwa tunashinda humo ndani watu wawili wazima, na kinachosikika ni mashine tu.

Jirani yetu ni ghala la mbao, na mlinzi wa ghala ana mbwa jike aliyezaa pale nyuma kwenye rundo la mabanzi. Siku moja mmoja wa hao watoto wa mbwa akapenya chini ya uzio, akaingia dukani, akajilaza kwenye mabaki ya vitambaa chini ya meza. Mume wangu alimkuta alipoinama kuokota chaki. Alikaa huko chini muda mrefu hadi nikadhani kiuno kimemkamata. Alipoinuka, alikuwa ameshika kitoto cha mbwa chenye rangi ya chai ya maziwa, kimeng'ang'ania ncha ya futi kamba kwa meno.

"Huyu anajua kupima," akasema. Jioni ile aliimba, na mimi nikaona wivu kidogo, maana nilikuwa nimejaribu kumchangamsha kwa miezi na nisifanikiwe.

Akamwita Pindo, kwa sababu mbwa yule hakuona suruali ya mtu aliyesimama asiende kulala juu ya pindo lake. Mlinzi alitukatalia kumchukua kabla hajaacha kunyonya. Basi kila asubuhi mume wangu, ambaye hajawahi kununua hata ubao wa kuwekea pasi, akawa anakwenda ghalani kuangalia mbao.

Siku ya kumchukua ilipofika, mlinzi alituambia jambo moja.

"Mama Fundi, ameshatimiza wiki nane. Msilale. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo achanjwe. Ule ugonjwa wa kuharisha damu ukiingia mtaani haubakishi watoto wa mbwa."

Mume wangu aliposikia daktari wa mifugo, akakumbuka ghafla kwamba pazia la chumba cha kujaribia limelegea na linahitaji kurekebishwa saa hiyo hiyo. Nilijua kwa nini. Daktari yule alikuwa ametuletea kitambaa kizito cheupe cha makoti mawili ya kazi. Alipimwa vizuri, akaambiwa keshokutwa. Tangu siku hiyo mvua zilikuja zikaondoka, na kitambaa kilikuwa bado rafu ya juu, kimekunjwa kama alivyokileta. Mara ya mwisho alipopita kuulizia, mume wangu alisimama nyuma ya pazia amebana pumzi, nami nikamzika shangazi.

Kwa hiyo chanjo ya kwanza nilimpeleka mimi. Kliniki ni chumba kimoja kando ya duka la chakula cha kuku, na daktari ni mwanamke mcheshi, mwenye mikono mikubwa isiyo na haraka. Alikuwa amevaa koti lake kuukuu, pana kama gunia, mfuko mmoja umeshikizwa kwa pini. Alimpima Pindo, akamdunga kwenye ngozi ya shingo, na Pindo akajibu kwa kulilowesha koti hilo hilo.

"Utamleta tena baada ya wiki tatu au nne," akaniambia.

"Tena? Si ameshachanjwa?"

"Sikiliza, Mama Fundi. Mtoto wa mbwa anakuja na kinga aliyopewa na maziwa ya mama yake. Kinga hiyo inapungua polepole, na hakuna anayejua siku gani itakwisha. Ikiwa bado ina nguvu, inaizuia chanjo isifanye kazi. Ikiwa imekwisha na chanjo haijashika, yuko uchi. Ndiyo maana tunachanja, tunarudia, tunarudia tena, mpaka apite miezi minne. Ya kichaa cha mbwa tutampa akishatimiza mitatu." Alipoona bado nimekunja uso, akaongeza, "Mumeo akishapiga bandi, nguo inavaliwa?"

"Haivaliwi. Ni mishono ya kushikizia tu, ukinyanyua mkono imefumuka."

"Basi hii ya leo ni bandi. Asimshushe barabarani, asimwache akinusana na mbwa wa watu, mpaka tumalize kushona." Kisha akaanza kulipangusa koti lake. "Na makoti yangu je? Nayo yameshafika kwenye bandi?"

"Fundi amefiwa, daktari."

"Pole. Na nani?"

"Shangazi yake."

"Yule yule?"

Nilichukua mbwa wangu nikaondoka.

Nyumbani nikamweleza mume wangu neno kwa neno, hadi ile ya bandi, na akaielewa kuliko nilivyoielewa mimi. Nikaandika tarehe ya chanjo ya pili kwa chaki ukutani, juu ya cherehani yake, mahali ambapo hawezi kuinua macho asiione. Alimbeba Pindo kwenye mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, wenye mkanda wa begani na dirisha la wavu. Mfuko huo aliumaliza siku ile ile. Kuna bwana harusi aliyekuwa akisubiri suti yake, naye akaambiwa keshokutwa.

Kisha binti yetu wa mwisho akajifungua, ikabidi niende kumsaidia. Nilipokuwa nafunga mizigo nilimwita mume wangu nikamsimamisha mbele ya ukuta.

"Tarehe ikifika, nani atampeleka?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe, kwa miguu yako?"

"Mimi mwenyewe."

"Lini?"

Akavua miwani. Nilimkazia macho. Akaivaa tena, akaisoma tarehe ukutani kwa sauti.

Huko kwa binti yetu, kati ya nepi na usingizi wa mang'amung'amu, sikuisahau tarehe ile. Ilipopita nilimpigia simu.

"Habari za hapo?"

"Nzuri tu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Pindo amechanjwa?"

"Pindo ameota meno makubwa, usione. Amekula kifungo."

"Baba, nakuuliza amechanjwa?"

Kisha ikaja ile sauti. Nimeisikia sauti hiyo kwa miaka mingi, lakini mimi nilikuwa upande wa ndani wa kaunta. Sikuwa nimewahi kuwa mteja.

"Keshokutwa," akasema.

Nilikasirika hadi mtoto mchanga akaamka. Nikapiga tena wiki iliyofuata, ikawa keshokutwa. Nikapiga tena, akasema chanjo ya kwanza si haba, dawa iko mwilini, mbwa anaruka kama kawaida. Nikamkumbusha habari ya bandi. Akasema simu inakatika. Haikuwa inakatika hata kidogo.

Halafu akapiga mlinzi, mtu ambaye hanipigii simu kamwe.

"Mama Fundi, nimemsaidia muuza makaa kuzika. Wale ndugu zake Pindo aliowachukua, wote wawili. Wameharisha damu, hawakumaliza hata siku tatu. Hakuwa amewachanja."

Nikakaa chini. "Na Pindo?"

"Nimemwona leo begani kwa mzee. Mzima. Lakini, Mama Fundi, ile tarehe yako ya ukutani... Mzee ametundika koti la mteja juu yake."

Binti yangu alikuwa akisikiliza kila kitu. "Nenda, mama," akasema. "Mimi nina mume na wifi wa kunisaidia. Huyo mbwa ana baba tu."

Nilifika nikakuta mlango wa duka umerudishwa nusu. Cherehani ilikuwa ikienda mbio, na Pindo, ambaye sasa alikuwa na miguu mirefu na masikio yasiyojua yaelekee wapi, alikuwa amelala chini ya meza. Rafu ya juu ilikuwa tupu. Koti moja jeupe lilining'inia, limepigwa pasi, na la pili lilikuwa mashineni. Alikuwa ameyaanza jana yake, aliposikia habari za muuza makaa.

"Kumbe yanashoneka kwa siku mbili," nikasema.

Hakuinua kichwa. "Siwezi kwenda kwake mikono mitupu. Nitamtazamaje?"

"Utamtazama kwa macho. Mbwa huyu afe kwa ajili ya aibu yako?"

Miguu yake ikasimama. "Nilikwenda," akasema. "Siku ile ile uliyoiandika, nilikwenda. Nilifika mpaka dirishani. Nikamwona amevaa lile koti lake, mfuko umeshikizwa kwa pini. Watu wamejaa humo ndani, na kila mmoja anauona ule mfuko." Akamtazama Pindo. "Nikarudi. Nikasema nimalize kwanza makoti. Na kila siku nikasema hivyo hivyo."

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, mengine makali kweli kweli. Yote yalinitoka kichwani. Alikuwa na miduara myeusi chini ya macho, na aliogopa, nami niliogopa pia.

"Inuka twende," nikasema.

"Vifungo tu. Nipe muda nishone vifungo."

"Vifungo utavishonea huko huko."

Nikabeba makoti, yeye akambeba Pindo, na tukaingia kliniki kama watu wanaokwenda kujisalimisha. Daktari alikuwa ameketi nyuma ya meza yake. Hakusema lolote kuhusu makoti. Alimweka Pindo mezani, akampima homa, akamfunua midomo kuangalia fizi, akamminya tumbo. Mume wangu alikuwa ameishika futi kamba iliyoning'inia shingoni mwake kwa mikono yote miwili.

"Anakula?"

"Anakula," mume wangu akajibu. "Anakula hata visivyoliwa."

"Choo?"

"Kizuri, kigumu," akasema, kwa fahari ambayo sijawahi kuisikia akizungumzia suti yoyote.

Daktari akavuta pumzi. "Hana homa. Bahati yako ni kubwa kuliko akili yako, fundi, nisamehe. Mlango ulikuwa wazi wiki zote hizo, ni ugonjwa tu haukupita upande huu." Akamdunga. "Hii tunaihesabu kama ndiyo mwanzo. Utamleta baada ya wiki tatu, ya mwisho na ya kichaa cha mbwa pamoja, maana hiyo imeniishia. Ukinikosesha tarehe hiyo, usije tena kunililia hapa."

"Nimeelewa, daktari."

"Haya. Sasa nionyesheni hayo makoti."

Akasimama, akatoka nyuma ya meza, na ndipo tulipomwona vizuri. Tumbo lilikuwa limetangulia. Alilivaa koti hata hivyo. Mabega yalikaa sawasawa, mikono iliishia pale pale inapotakiwa, na mbele pakabaki pengo ambalo Pindo angeweza kupita akiwa amelala kwenye mfuko wake. Vifungo alivyovililia mume wangu visingekutana na matundu yake hata kwa kuvutwa na watu wawili.

"Fundi," daktari akasema, akijitazama, "ulinipima nikiwa peke yangu."

Nilicheka mimi kwanza. Daktari akacheka hadi akaketi tena. Mume wangu alibaki amesimama, anapapasa mishono kwa vidole. "Niliacha akiba ya kitambaa pembeni," akasema taratibu. "Yanapanuka. Nipe mpaka..." Nikabana pumzi. "Nipe mpaka siku ya chanjo."

Tulipofika nyumbani aliondoa koti la mteja ukutani, akafuta tarehe ya zamani kwa kiganja, akaandika mpya kwa mkono wake, kubwa kiasi kwamba wateja walidhani ni ya maonyesho fulani. Hakutundika kitu juu yake. Makoti yakafumuliwa, yakapanuliwa, yakashonwa vifungo.

Siku yenyewe aliniamsha yeye. Tulikuta kliniki ndiyo kwanza inafunguliwa. Daktari wetu alikuwa ameanza likizo ya uzazi, na mahali pake palikuwa na mwanamume mrefu, mwenye haraka, aliyekuwa na kalamu nyuma ya kila sikio. Aliyapokea makoti akayaweka kabatini. Pindo akapewa ile chanjo ya mwisho bila shida. Ilibaki ya kichaa cha mbwa.

"Hii chupa moja ni ya mbwa kumi," yule daktari akaeleza. "Nikiifungua kwa huyu mmoja, inayobaki naimwaga. Ngojeni wapatikane wengine." Akachukua kalamu moja, akatazama ukutani kutafuta kalenda. "Njoo naye keshokutwa."

Nilimwona mume wangu akilipokea neno hilo. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa.

"Daktari," akasema, "hiyo keshokutwa naijua vizuri. Nimewapa watu hiyo hiyo maisha yangu yote. Haipo." Akarudi kwenye benchi la mbao lililokuwa karibu na mlango, akaketi na Pindo mapajani.

Daktari alidhani ni mzaha. Baada ya muda akaona si mzaha. Habari zikavuja, kama zinavyovuja habari zote za mtaa wetu: Fundi Keshokutwa ameambiwa keshokutwa, na amegoma. Watu wakaanza kuja kuona kwa macho yao. Alikuja mwashi. Alikuja bwana harusi, ambaye alioa kwa suti ya kuazima. Alikuja mwalimu mmoja mwenye sketi yake kwetu tangu muhula uliopita, akasimama mbele ya benchi, mikono kiunoni.

"Umekaa sana, fundi?"

"Tangu asubuhi."

"Benchi linauma?"

"Linauma, mwalimu."

"Na hujaambiwa lolote la maana?"

"Hakuna."

"Pole," mwalimu akasema, na alilivuta neno hilo hadi likawa refu kuliko sketi yenyewe.

Nikaona wamekuwa wengi, nikainuka. "Nyinyi mliokuja kucheka," nikawaambia, "huko nyumbani hamna mbwa? Wa kwenu wamechanjwa lini? Nendeni mkawalete, halafu mrudi kucheka vizuri."

Wakatazamana. Mlinzi alikuwa wa kwanza kuondoka, akarudi na yule jike, mama yake Pindo, akivutwa naye badala ya kumvuta. Mwalimu akaleta wawili. Bwana harusi akaleta mbwa wa wakwe zake, na wengine wakaleta wa kwao. Muuza makaa akaja na jibwa lake zee, lililobaki peke yake, akasimama mwisho wa mstari, na hakuna aliyemtania. Mume wangu alisogea kwenye benchi, akampisha nafasi.

Yule daktari mrefu alihesabu vichwa kwa kalamu, akaguna, akaifungua chupa. Pindo alikuwa wa kwanza.

Daktari wetu alijifungua salama. Alipotujia na mtoto wake alisema makoti sasa ni mapana, yapunguzwe, ila hana haraka. Mume wangu alimwomba akae, akayapunguza pale pale.

Maana hivyo ndivyo ilivyo sasa. Siku iliyofuata ile ya benchi, mwalimu alikuja dukani kuulizia sketi.

"Nije lini, fundi?"

Akavua miwani. Nilijua kinachokuja, nikaanza kuandaa uso wangu wa huzuni. Lakini alitazama chini, Pindo alikuwa amelala juu ya pindo la suruali yake, halafu akalitazama benchi letu la wateja, kwa muda, kana kwamba ndiyo kwanza anajua kwamba ni la mbao.

"Kaa hapo," akasema. "Usiondoke."

Mwalimu akakaa. Mchana akaondoka na sketi yake. Jina la Fundi Keshokutwa halijamtoka, na sidhani kama litamtoka, kwa sababu wateja ni wengi na benchi ni moja. Lakini anashona huku akiimba, Pindo anatembea barabarani kwa miguu yake mwenyewe, na shangazi yake mume wangu, namshukuru Mungu, hajafa tena.